Kitunga cha Mumba Kilichofika Barazani

Donatien Chilufya aliinua kitunga chetu kwa mikono miwili, juu ya kichwa chake, mbele ya wazungu wote wa baraza la provensi, nao wakacheka. Samaki wetu walionekana juu ya kitunga, wanono, matumbo yamejaa mayai. Akasema Kifaransa. Changu ni kidogo, nilisoma miaka miwili tu kwa mapadri, lakini karani mweusi aliyekaa karibu nasi alininong'oneza: "Anasema, hawa ndio bantu banalia eti samaki imeisha."

Dada yangu Kaluba akasimama pale kwenye benchi la nyuma, akapiga kelele: "Mwaga! Mwaga yote chini, baone!"

Hakumwaga. Polisi akamkalisha dada yangu kwa kumkandamiza bega.

Sasa nieleze tulifikaje mule ndani, toka mwanzo, ili asitokee mtu wa kusema tulijitakia.

Kilwa yetu, ile ya kando ya ziwa, si ya pwani. Tuliondoka kwa sababu ya nyavu. Vlandis, Mgiriki mwenye malori ya barafu, alikuwa amefunga mdomo wa mto wetu kwa nyavu, toka ukingo huu mpaka ule. Mvua za kwanza zikianguka, mpumbu, yule samaki wetu mkubwa, anatoka ziwani na kupanda mto kwenda kutaga. Majuma yale hakuna mtu wa kwetu anayevua. Ni mwiko, na aliyeuvunja zamani alichomewa mtumbwi wake. Vlandis aliambiwa, akacheka. Miaka mitatu alivua samaki wenye mayai, akawajaza katika barafu. Mwaka wa nne maji ya mto yalijaa, na ndani hamkuwa na kitu.

Tulikwenda kwa mzungu wa teritwari, mkubwa wa serikali kwetu. Akatuambia maneno ya nyavu yanakatwa na baraza, kule Élisabethville. Na barazani tulikuwa na mtu wetu.

Mtu wetu! Donatien alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Waingereza, akavuka akiwa kijana bila viatu. Wengine pale kijijini walisema mgeni hatatusemea kitu. Mimi ndiye niliyemtetea. Nilisema ziwa ni moja, walioligawa ni wazungu, na mama yake alikausha samaki kama mama yangu. Alikuwa ameanza kwa kuandika hesabu za barafu katika duka la Vlandis, akajifunza Kifaransa, akapewa kadi ya mtu mstaarabu, ile wazungu wanayompa mweusi anayeishi kama wao, na gavana akamtia barazani kusema kwa ajili ya weusi. Hakuna mweusi hata mmoja aliyeulizwa. Aliyepeleka jina lake ni Vlandis, naye Vlandis alikuwa na kiti mule mule. Hilo tulikuja kulijua nyuma.

Basi, kwetu huendi kwa mkubwa mikono mitupu. Mzee mwenye maji, mlinzi wa mwiko, akatufungulia siku moja tu, kwa ajili ya safari hii. Mitumbwi yote ya kijiji ilitoka, ikarudi na mpumbu kumi na mmoja. Kaluba akawakausha kwa moshi. Mumewe, shemeji yangu Mumba, alikuwa amesuka kitunga kikubwa cha matete, na kumi na mmoja hawakufika hata nusu yake. Kumpelekea mkubwa kitunga nusu ni kumtukana. Kwa hiyo Kaluba akajaza majani makavu chini, akapanga samaki juu. Kila mtoto wa ziwa anajua kufungasha hivyo. Mwenye kupokea naye anajua, anashukuru, hachimbui.

Asubuhi ya kuondoka kwetu, mimi na Kaluba, Mumba akaniambia: "Mulamu, samaki bakule. Lakini kitunga ni yangu, irudi."

"Na bibi yako?"

"Ule anajua njia. Hata baba yake alishindwa kumufunga kamba."

Kaluba akampiga kwa jani la mhogo, akapanda lori akicheka.

Mlimani, juu ya Kundelungu, baridi ilitukata. Lori lilikuwa la mihogo, tukakaa juu ya magunia. Kaluba alikumbatia kitunga kama mtoto mchanga. Dereva akapiga kelele toka mbele: "Mama, ule mutoto wako ananuka!"

"Ananuka kupita bibi yako? Endesha!"

Lukafu tulifika jua likiwa bado juu. Mkulima mmoja jina lake Ilunga alitupokea, bibi yake akatusongea bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya mhogo. Aliuliza kitunga kinakwenda kwa nani. Nikamwambia, kwa mwakilishi wetu barazani.

"Bale beusi ba baraza?" akasema. "Kazi yabo ni kuitika tu *oui*, ndiyo bwana."

"Wetu iko mutoto wa maji," nikamjibu kwa hasira.

"Haya, ndugu. Hata maji, bazungu banafungiaka mu chupa."

Sikumaliza bukari yake. Leo ningemaliza na kulamba sahani.

Kinsevere, mahali wanapochimba shaba, polisi walisimamisha lori na kutazama karatasi zetu za njia. Mmoja akachoma fimbo katika kitunga, ikazama mpaka chini bila kugonga kitu. "Mama, hii ni samaki ao ni majani?"

"Juu ni samaki," akasema Kaluba, "chini ni heshima."

Polisi akacheka, akatuachia. Mtu wa bunduki, asiyetujua, alielewa.

Élisabethville. Nyumba ya Donatien ilikuwa ya matofali, madirisha ya vioo, mlangoni jani la mti halikuruhusiwa kulala. Kaluba akapiga magoti na kupiga makofi polepole, kama inavyofaa mbele ya mkubwa. "Ba Donatien, mwanetu!"

"Karibuni, mama. Lakini mupite nyuma, ku cuisine. Bazungu ba commission ya ile kadi banakuya kuangalia nyumba. Ile harufu, munaelewa."

Tukapita nyuma. Lakini nisimwonee: alikuja jikoni akakaa nasi juu ya kigoda, kwa lugha yetu akauliza habari za upepo na za bandari. Nikamweleza nyavu, toka mwanzo. Hatukuomba Vlandis afukuzwe. Tuliomba nyavu zitolewe mdomoni mwa mto, majuma yale ya mayai tu. Aliandika katika kidaftari chake. Halafu akachukua samaki mmoja, akaminya tumbo kwa kidole gumba kama wavuvi wanavyofanya.

"Mayai," akasema.

"Tulivunja mwiko kwa ajili yako," nikamwambia. "Bamebakia hawa tu."

Akatia mkono katika kitunga. Niliuona ukizama katikati ya majani, mpaka kiwiko. Akatabasamu. "Mama yangu alikuwa anafungasha vile vile."

Kaluba alilia kwa furaha. Kesho yake, kabla ya kutoka kwenda barazani, Donatien akasema: "Mubebe na kitunga." Dada yangu akaninong'oneza njiani kwamba Donatien atawagawia wakubwa, waonje, waone samaki gani anakufa.

Barazani mnajua tayari. Sikusema tu kwamba Vlandis ndiye aliyeinua kidole kwanza, akauliza kama ni kweli ziwa limekufa, na kwamba Donatien alisimama upesi kama mtu aliyekuwa akingoja jina lake. Karani akanitafsiria mpaka mwisho: samaki ni wengi, wenyeji wenyewe wanavua wenye mayai, ushahidi huu hapa. Wazungu wakainua mikono. Donatien akainua wake, ule ule uliozama katika majani. Nyavu zikabaki.

Nje, kwenye ngazi, Kaluba alimzuia njia. "We Donatien! Mutoto wa nani weye?"

"Mama, mambo ya mule ndani hamuyaelewi. Ningekataa, bangenitoa. Kiti ikibakia yangu, kesho nitawasaidia. Nitaombea huyu ndugu yako kazi ya kubeba barafu kwa Bwana Vlandis."

"Kitunga iko wapi?"

"Wamepeleka ku bureau ya serikali. Ni ushahidi."

Tulirudi kwa njia ile ile. Kinsevere polisi yule yule akauliza kama heshima imefika, Kaluba akageuza uso. Lukafu tulimwomba dereva asisimame.

Kilwa, Mumba alikuwa kando ya maji. Hakuuliza habari za nyavu, alizisoma katika nyuso zetu. Aliuliza tu: "Na kitunga yangu?"

Msimu uliofuata maji ya karibu hayakuwa na kitu. Tukaanza kwenda mbali, kule kati ambako mitumbwi yetu haikuchongwa kwenda. Siku moja saa nne asubuhi upepo ukatupindua, Mumba na mimi. Nilishika tumbo la mtumbwi mpaka watu wa ng'ambo wakaniokota. Mumba hakushika. Kaluba hajapata hata mwili wa kuzika.

Watasema ni upepo. Mimi nasema ni Vlandis aliyefunga mto, nasema ni wazungu wale walioinua mikono huku wanacheka, na mbele yao wote namweka Donatien Chilufya. Wao hawakujua kilichokuwa chini ya kitunga. Yeye alijua.

Baada ya pale kiti chake kilinenepa. Alitiwa barazani mara ya pili, akapelekwa Ulaya kuonyeshwa, akarudi na kofia. Na mwaka huu, kwa kuwa weusi nao wanaanza kupiga kura, nasikia anapita katika mitaa ya Élisabethville akiomba sauti za watu, anajiita mtoto wa ziwa. Ninyi mlioko kule, akifika mlangoni kwenu, msimuulize atawapa nini. Muulizeni kitunga kiko wapi.

Nawe Donatien, mimi Musonda nilikuwa jikoni mwako, niliuona mkono wako. Kitafute katika hizo bureau zako. Kilete Kilwa mwenyewe, mchana, watu wote wakiwa kando ya maji. Simama mbele ya Kaluba, ukimwage, halafu umwambie kwa lugha ya mama yako kwa nini siku ile hukumwaga.