Jina la Bibi

Nilikuwa ofisini Sirari, upande wa Tanzania, nikishughulikia mizigo ya wateja inayovuka mpaka, programu ya ulinzi kwenye kompyuta ikanipa onyo: mtu amefungua barua pepe yangu akiwa Kenya, na ameingia kwa neno la siri sahihi kabisa.

Neno hilo lilikuwa jina la marehemu bibi. Ujinga gani huu! Kwetu mtu akifa, jina lake hupewa mtoto anayezaliwa, ili asipotee. La bibi wamepewa wajukuu na vitukuu pande zote mbili za mpaka. Nilikuwa nimefunga mlango kwa ufunguo ambao ukoo mzima unao.

Nikampigia binamu yangu wa Isebania, ng'ambo ya mpaka, ambaye naye ana jina hilo, nikamweleza. Akacheka. "Wenye jina la bibi huku tuko wengi. Unamtafuta yupi?"

Nikakata simu. Nikaweka neno jipya, herufi na namba zisizo za mtu yeyote, awe hai au mfu. Programu ikanyamaza. Aliyeingia sijamjua mpaka leo. Lakini kila asubuhi vidole vyangu huandika jina la bibi kwanza, na kompyuta hukataa kumfungulia.