Kovu la Mteule

Hivi wewe, ukiambiwa leo kwamba nyota zimekuchagua umwangushe mfalme, utapiga vigelegele au utatafuta uvungu wa kitanda? Usijibu haraka. Koplo Opoka, polisi wa kambi ya Naguru, alipewa habari hiyo akiwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemjaa shingoni, na aliyempa hakuwa nabii wala malaika. Alikuwa Emile Mugisho, mwenye wembe.

Mugisho alikimbia vita Bukavu pamoja na mkewe Séraphine, akafungua kibanda cha kunyolea huku Kawempe. Wembe wake haukuwa mkali kuliko wa wenzake. Uliokuwa mkali ni ulimi. Shuleni kwa mapadri alisoma vitabu vya picha vya Kifaransa, vya watu wanaoruka kwa merikebu za moto kutoka sayari hadi sayari. Sasa alivichanganya na ngano za bibi yake na kusimulia huku akinyoa. Akifika mahali patamu, wembe unasimama hewani. Mteja aliyenyolewa nusu kichwa hana pa kwenda, na waliokaa kwenye benchi wanasahau hata njaa.

Mwaka ule, mwaka sukari ilipoadimika, hadithi ilikuwa ya Mfalme wa Nyota Tisa, aliyekuwa akilimeza jua kipande kipande huku sayari za wanyonge zikibaki gizani. Vikongwe wa sayari hizo walitabiri kwamba atakuja mteule mmoja kumwondoa.

"Tutamjuaje?" aliuliza Abubaker, muuza nyama, kutoka kwenye benchi.

Hilo Mugisho hakuwa amelifikiria. Msimuliaji mwenye akili angesema mteule ana jicho la moto, au anatembea bila kivuli. Lakini mkono wa kinyozi hutangulia kichwa chake. Dakika ile ile wembe ulikuwa umefunua, kwenye kichwa cha Opoka, kovu jeupe lililopinda.

"Ana kovu," Mugisho akasema. "Nyuma ya sikio la kushoto. Kama mwezi mchanga."

Opoka alikuwa ameipa benchi kisogo. Watu wote wakatazama, kisha wakaangua kicheko kilichotikisa bati.

"Banange! Tumepanda basi moja na mteule!"

"Afande, ukiingia ikulu usinisahau, mimi ndiye nilikuuzia maini!"

Kovu lenyewe Opoka alilipata utotoni, alipoteleza akiiba simsim, yaani ufuta, na kuangukia jiwe la kusagia la mama yake. Alijaribu kueleza. Lakini nani ataacha unabii mtamu kwa ajili ya simsim?

Mzaha ulifika Naguru kabla ya mwenyewe. Kwenye bomba la maji wanawake wakamuuliza Akullo, mke wa Opoka, atahamia lini ikulu na kama atakwenda na sufuria zake. Askari wenzake wakampigia saluti akiwa chooni. Kicheko kilikuwa kicheko, ila miaka ile mtu aliweza kuchukuliwa kwa kukohoa tu rais akihutubia redioni. Mtu mwenye kovu aliyetabiriwa kumwondoa mfalme! Nani angesimama mbele ya wapelelezi wa serikali, wale wenye miwani myeusi, na kuwafafanulia kwamba mfalme huyo anaishi angani?

Siku ya tatu Opoka alirudi kibandani akiwa amevuta kofia hadi masikioni.

"Emile, mimi nilikupa kichwa unyoe. Sasa wewe unataka wakate?"

"Afande, ni hadithi tu."

"Jana mtu ameuliza Akullo mimi nalala wapi. Mtu ya miwani. Hiyo pia ni hadithi?"

 Jioni ile Mugisho hakugusa ugali. Séraphine alimsikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akamwita kwa jina la binti yao, akasema, "Papa Julienne, dawa ni moja. Muue."

"Nimuue nani?"

"Yule wa nyota, mjinga wewe! Opoka asijifiche. Mwambie aje akae kwenye kiti, wamwone. Kisha umuue mwenzake wa angani. Na asife kishujaa, unasikia? Anayekufa kishujaa, watu hukaa wakimngoja afufuke. Muue kwa aibu."

Mugisho aliumia kama mtu aliyeambiwa achinje mbuzi aliyemlea. Alimpenda kijana wake wa nyota. Lakini akilini alimwona pia Akullo peke yake kwenye bomba, na wanawake ambao sasa hawachekeshani naye tena.

Ijumaa alasiri Opoka alikaa kwenye kiti, kofia mapajani, jasho likimtiririka. Na kwenye benchi, kati ya Abubaker na mzee mmoja, alikaa mgeni wa miwani myeusi na suruali ya miguu mipana.

"Endelea," mgeni alisema. "Nasikia kuna mtu ya kovu."

"Yupo, mzee." Mugisho akaanza. Mteule, kwa kuwa alikwishatabiriwa kushinda, hakuona sababu ya kujifunza upanga. Merikebu ikivuja, yeye analala. Mabaharia wakimwamsha, anajibu, "Mimi ndiye nimetabiriwa au nyinyi?" Usiku wa vita alialikwa karamu kwenye sayari ya karanga, akala kama anayelipwa. Tumbo likachafuka. Akakimbia gizani akitafuta choo cha merikebu, akafungua mlango.

Wembe ukasimama hewani. 

"Mlango gani?" mgeni akauliza.

"Wa nje, mzee. Akaanguka angani, suruali ikiwa miguuni. Mpaka leo analizunguka jua hivyo hivyo."

 Mgeni akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani na kufuta machozi, na macho yake yakaonekana kuwa ya mtu wa kawaida tu, mekundu kwa kukosa usingizi. Akamtandika Opoka kofi la mgongo. "Suruali miguuni! Pole sana, Mteule!" Akatoka bado anacheka.

Abubaker peke yake alikasirika. "Umetuharibia, Emile. Sasa nani atapigana na mfalme?"

Mugisho alichungulia barabarani kwanza. "Wapishi wa merikebu," akasema taratibu. "Wale wengine wote walipokuwa wakimngoja mteule aamke, nani unadhani alikuwa ameshika usukani?"

Kesho yake asubuhi Mugisho alishuka kwa miguu kutafuta nyembe mjini. Kwenye njia panda ya Wandegeya alimkuta Opoka kazini, katikati ya barabara, filimbi mdomoni. Gari jeupe likaja mbio, na nyuma ya kioo Mugisho aliitambua miwani. Wakati huo huo akina mama wa sokoni, mikungu ya matoke kichwani, walikuwa wameanza kuvuka. Opoka aliwatazama wale mama, akalitazama gari, akainua mkono. Gari likafunga breki, pua yake karibu na magoti ya Opoka. Kioo kikashushwa. Mugisho akashika nguzo ya taa.

"Mteule!" mtu wa miwani akapaza sauti. "Funga mkanda, suruali isije ikaanguka!"

Opoka akapiga saluti bila kucheka. Mkono mwingine aliuacha juu pale pale, mpaka mama wa mwisho, aliyekuwa mzee na mwenye mwendo wa pole, akafika ng'ambo.