Intaneti ya Nyumba Mbili za Mwisho

Ardis Tveten alikuwa mpishi wa shule yetu kwa muda mrefu, hata leo hapa mjini kuna watu wazima wenye wajukuu ambao wakimwona dukani wananyoosha migongo, kana kwamba bado ameshika upawa. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa maneno machache tu, na mtoto aliyemaliza sahani alimwongezea bila kumuuliza. Mimi mwenyewe nimelishwa na mkono ule.

Mumewe Norman alipofariki, Ardis alibaki peke yake katika nyumba yao ya msituni, kule lami inapokwisha na changarawe kuanza. Jirani alikuwa mmoja, Leroy Bakke, mgane, aliyestaafu kuendesha malori ya magogo. Baada ya nyumba zao mbili ni misonobari, na baada ya misonobari ni misonobari mingine.

Mwaka huo wa habari yangu, barafu ilipoanza kulainika, Ardis alianguka uani. Hakuteleza, ni moyo tu uliomchezea. Alilala pale juu ya barafu mpaka Leroy alipopita na gari lake akaona koti jekundu mahali ambapo koti halipaswi kuwa. Daktari wa Duluth, mji mkubwa ulio mbali na kwetu, akasema atapona, ila lazima amwone mara kwa mara, na theluji ikianza waonane kwa kompyuta, kwa sababu barabara ya Duluth wakati huo si ya mama wa umri wake.

Ndipo binti yake Karla, anayeishi Arizona, alipompigia simu ya mezani.

"Mama, tafuta intaneti ya maana. Siku ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja, nakuja. Nikikuta huna, nafunga virago vyako na tunaondoka wote."

"Huko kwenu hakuna baridi," Ardis akasema.

"Si ndiyo raha yake!"

"Sasa mtu anajuaje kama mwaka umepita?"

Karla alicheka, lakini hakubadilisha neno. Na Ardis, ambaye si mtu wa kubishana, aliweka simu chini akabaki anatazama jiko lake la kuni. Katika nyumba ile alimlea Karla, na humo alimuuguza Norman. Kwa hiyo, wenzangu, mnapomsikia mtu anachagua kampuni ya intaneti mkadhani anatafuta kasi, Ardis hakuwa anatafuta kasi. Alikuwa anatafuta namna ya kufia kwake.

Mjini sisi tuna kampuni kadhaa, zinatugombania kama kuku na punje. Barabara ya Ardis haikugombaniwa na mtu. Kulikuwa na waya wa zamani wa kampuni ya simu, uliopitisha barua pepe kwa shida, moja moja, lakini sura ya mtu anayeongea haikupita. Kampuni yenyewe ilikwisha tangaza kwamba ule waya haitautia mkono tena.

Alianza na kisanduku kinachodaka mawimbi ya mnara. Dada wa dukani alimwambia, "Unachomeka ukutani tu, mama, basi." Ardis akachomeka jikoni, taa ikawa nyekundu. Akachomeka sebuleni, nyekundu. Akazunguka nacho nyumba nzima kama mtu anayemtafutia paka mahali pa kulala, mpaka taa ilipogeuka kijani kwenye ngazi ya darini, ambako hakuna joto. Jumapili hiyo alikaa pale ngazini amevaa koti na kofia, kompyuta magotini, akamwona Karla. Waliongea kidogo. Kisha upepo ukatikisa misonobari, Karla akapotea.

"Halo?" Ardis akasema. "Halo? Karla?"

Aliendelea kukaa pale ngazini kitambo. Chini hakukuwa na mtu wa kumuuliza amekwama wapi.

Akaita watu wa dishi la setilaiti. Fundi alisimama uani, akatazama kaskazini, akatikisa kichwa. "Miti hii inaziba anga. Ikikatwa, utapata picha safi kabisa."

"Miti hii ndiyo inazuia upepo. Ikikatwa, nitapata picha safi ya mimi nikiganda."

"Basi tuliweke dishi juu ya paa, pale kwenye kilele."

"Na theluji ikilijaza?"

"Unapanda, unaipangusa."

"Mimi?"

Fundi akatazama viatu vyake.

Ilibaki faiba, ule uzi wa kioo unaopitisha intaneti. Ushirika wetu wa umeme, ule ule uliowaletea babu zetu taa, ulikuwa unalaza faiba ardhini barabara kwa barabara kiangazi hicho, na kuiingiza bure kwa kila mwanachama aliyesema anaitaka. Kazi ya kuchimba walipewa watu kutoka Texas, na msimamizi wao alipita nyumba hadi nyumba kuuliza. Alikuwa mtu mzima mwenye sharubu, mpole kabisa. Alifika kwa Ardis mwezi wa sita, akavua kofia.

"Mama, tuipitishe laini mpaka kwako?"

Ardis alikuwa anaitaka ile laini kama mgonjwa anavyotaka maji. Akajibu, "Aa, msijisumbue kwa ajili ya bibi mmoja."

Akageuka kwenda kubandika kahawa, ili akiulizwa tena waongee wameketi.

Huku kwetu hapana ya kwanza ni adabu, ya pili ni unyenyekevu, ya tatu ndiyo jibu. Hata mtoto anajua. Lakini yule mgeni alitoka mahali ambapo mtu akisema hapana huwa hataki. "Haya, mama, siku njema," akasema. Ardis aliporudi na vikombe viwili alikuta vumbi la gari.

Atarudi, akajisemea. Mtu gani huuliza mara moja? Akasubiri mwezi wa saba wote. Akasikia mashine ikinguruma upande wa darajani, ikakaribia, kisha ikageuka na kwenda zake. Akasubiri tena. Mwezi wa kumi majani yalipodondoka ndipo alipoishiwa na adabu kiasi cha kupiga simu ofisi ya ushirika. Simu akapokea Jolene Aune.

"Nilikuwa nauliza tu," Ardis akasema. "Si jambo kubwa. Kama mna kazi nyingi, niacheni tu."

"Bi Ardis, hapa imeandikwa ulikataa."

"Nilikataa mara moja!"

Jolene akaangua kicheko. "Yesu wangu. Na Leroy naye imeandikwa amekataa. Mlikuwa mnamsubiri yule bwana arudi, siyo?"

"Kahawa ilikuwa tayari."

"Sasa sikiliza, mama. Watarudi kupita njia hiyo kabla ardhi haijaganda. Ila kwa nyumba moja hawageuzi mashine. Ikiwa mbili, nitawabana wageuze. Nenda kaongee na Leroy, unipigie wiki hii."

Ardis alioka keki ya mdalasini na alasiri hiyo akaipeleka kwa Leroy.

"Karibu kahawa," Leroy akasema.

"Aa, nimetoka kunywa."

"Nusu kikombe."

"Nisikutie kazini."

"Imeshachemka."

"Haya, kidogo tu."

Wakanywa birika zima. Leroy akasema dubu amemvunjia tena kibanda cha kulishia ndege.

"Mkubwa?"

"Nimewahi kuona wakubwa zaidi."

Walizungumza habari za kuni. Waliisifu keki, na Ardis akasema imekauka. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Yule bwana wa faiba. Alipokuja, ulimwambiaje?"

"Asijisumbue."

"Na mimi."

Leroy akacheka mpaka akakohoa. "Wazee wawili wajinga!"

"Jolene anasema tukitaka wote wawili, watarudi."

"Mimi faiba ya nini, Ardis? Nimezeeka."

"Ungetazama hoki."

"Redio inanitosha."

Zikawa hapana mbili. Ardis akajikusanya, akauliza mara ya tatu, kwa upole, kama inavyotakiwa. "Hata kidogo, huioni faida yake?"

Leroy aligeuza kikombe mkononi. "Hapana, Ardis."

Hii haikuwa ya adabu.

"Mwanangu kanipatia chumba kwake, mjini Fargo," akasema. "Kabla ya theluji nitakuwa nimehama. Nyumba naiuza. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia."

Ardis alikusanya makombo ya keki kwa kidole, akayarudisha kwenye sahani.

"Vizuri," akasema. "Utakuwa karibu na wajukuu."

"Ndivyo wanavyosema."

Mnajua kuagana kwetu. Waliagana mezani, wakaagana mlangoni kwa habari za paa, wakaagana tena uani kwa habari za matairi. Ardis akaingia garini, akawasha injini, akashusha kioo. Leroy alisimama mikono mfukoni. Kumwuliza mtu mara ya nne ni kumvunjia heshima, na Ardis katika maisha yake alikuwa hajawahi.

"Leroy, nakuomba," akasema, akitazama usukani. "Usipokubali, Karla ananihamisha. Daktari hawezi kuniona bila hiyo laini. Mimi sitaki kwenda. Nataka kukaa kwangu."

Leroy akatoa mikono mfukoni. "Kwa nini hukusema hivyo tulipokuwa ndani?"

"Ningesemaje?"

"Kwa mdomo, mama wewe! Nimekaa na keki yako saa nzima nadhani unataka nitazame hoki." Akapiga paa la gari kwa kiganja. "Mwambie Jolene wachimbe mpaka mlangoni kwangu. Nitakayemuuzia ataikuta. Asipoitaka, shauri lake."

Mashine ilirudi, ardhi ikiwa imeanza kuwa ngumu juu. Walichimba kwa Ardis asubuhi na kwa Leroy mchana. Safari hii yule bwana wa sharubu alikaribishwa kahawa na Ardis, akaitikia mara moja, na Ardis akashtuka kidogo. Siku chache baadaye mtoto wa Leroy alikuja na gari la mizigo. Ardis aliwapa supu ya njiani.

Mtandao ulikuwa mzuri mno. Alikaa jikoni, palipo na moto, akamwona daktari hadi kalamu mfukoni mwake. Daktari akaridhika. Jioni akamwona Karla.

"Mama! Nakuona mpaka mikunjo!"

"Nilitarajia uzuri zaidi."

"Hongera, umeshinda. Kaa kwako." Karla akasita. "Halafu ile tiketi yangu ya Siku ya Shukrani, nadhani niisogeze mpaka kiangazi. Watoto wana shule, nauli imepanda. Na tukionana hivi, ni kama niko hapo. Au unaonaje?"

Kwenye friza bata mzinga mkubwa alikuwa amejaza rafu nzima.

"Usijisumbue," Ardis akasema.

"Asante, Mama. Nilijua utaelewa."

Siku ya Shukrani ilipofika, aliegemeza kompyuta kwenye kopo la sukari, wakala pamoja, wao kule na yeye huku. Wajukuu walimpungia mikono. Walipokwenda kutazama mpira, Ardis alifunga kompyuta, akachukua simu ya mezani, akazungusha namba ya Fargo.

"Inafanya kazi?" Leroy akauliza.

"Inafanya kazi vizuri sana."

"Wanasemaje Arizona?"

"Joto."

"Hapa nao wanayo intaneti. Kila chumba. Mimi sijui kuiwasha."

"Mwambie mwanao akuoneshe."

"Aa, ana kazi nyingi."

Ardis alivuta kiti karibu na dirisha, kamba ya simu ikimfuata. Nje theluji ilikuwa imeanza, na barabarani hapakuwa na alama ya gari lolote. Akamsikia Leroy akipumua, na Leroy bila shaka akamsikia yeye. Wakabaki hivyo, kila mmoja na simu sikioni.