Namba ya Mlangoni

Fundi akipiga randa mbao za paini, harufu ile hunirudisha Temeke, kwenye mlango wetu uliotengenezwa kwa makasha ya bandarini, wenye namba nyeusi: 4163805.

Jioni moja ugali ulichelewa tena kwa sababu mama alikuwa kwenye kisomo cha watu wazima. Baba akafoka, "Kesho huendi! Kwani umejifunza nini huko?"

Mama akaonyesha mlango. "Hiyo inagawanyika kwa tisa, haibaki kitu."

"Umejuaje?"

"Nimejumlisha tarakimu zake, nimepata ishirini na saba. Hiyo ikigawanyika, na namba nzima inagawanyika."

Baba alichukua mkaa, akagawanya sakafuni mpaka jasho likamtoka. Haikubaki kitu.

Kesho yake jioni alimpokea mama mwiko. "Nenda bwana, utachelewa darasa."