Ruhusa ya Kumtoa Mzazi

Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa wazazi wa mke. Basi mke wangu alipokaribia miezi yake, nilimvusha na mabegi yake mpaka Likoni kwao, nikarudi Changamwe kwenye chumba changu, ambako ndege hupita chini hata ukimsalimu rubani huenda akaitikia. Akajifungua hospitalini salama, mtoto wa kike, akarudishwa kwa mamake kuanza arubaini. Nikapumua. Shule ya usiku ilikuwa imenipa cheti cha Kidato cha Nne, na katika baiolojia niliwashinda wote darasani, mwalimu akiwemo. Kwa elimu hiyo nilijua kwamba hatari ya uzazi huisha mtoto akilia. Na huyu wetu alilia hata watu wa ng'ambo wakageuka kutazama.

Wiki ya kwanza haijaisha nikaenda kumwona, alasiri, nimebeba kuku wawili wa kienyeji. Sasa, adabu za ukweni ni ndefu kuliko foleni ya feri. Chumba cha mzazi huingii hivi hivi: mna shangazi mtu, mna majirani, mna maji ya moto ya kumkandia. Unakaa sebuleni na baba mkwe, mnaulizana hali, mkimaliza mnatazama zulia. Nyuma ya pazia niliwasikia wanawake wakimsifu.

"Tazama uso ulivyojaa! Uji wa pilipili manga umemkaa."

"Na hiyo miguu? Akitoka arubaini, mlango huu itabidi uvunjwe."

Wakacheka. Nami nikacheka sebuleni, maana uji ule niliununulia pilipili mimi. Kisha ikaja sauti ya mke wangu, nyembamba. "Mama, kichwa kinanipasuka. Naona vimulimuli."

"Ni usingizi, mwanangu. Nani aliyelala na mtoto mchanga?"

Baba mkwe akakohoa. "Umemsikia?"

"Nimemsikia, baba."

"Tangu asubuhi anasema hivyo. Na chini ya mbavu hapa panambana. Hospitali walituambia, akiumwa kichwa na macho kuona nyota, arudi mara moja."

Akanitazama kama mtu anayengoja jambo. Nami nikamtazama, nikingoja jambo. Tulitazamana mpaka ndevu zangu nahisi ziliongezeka.

"Sasa, baba... mbona hajarudishwa?"

"Tunakungoja wewe."

"Mimi?"

"Mke ni wako. Mzazi hatolewi nje kabla ya arubaini. Tukimtoa bila ya wewe kusema, kesho utatuuliza tulimpeleka wapi."

"Si mngenipigia simu?"

"Kukupigia ingekuwa kama kukuamrisha. Tulijua leo utakuja."

Wallahi kichwa changu kilizunguka kama feni. Mimi nilikuwa nimemkabidhi mke wangu mikononi mwao. Nikisimama katika nyumba ya mtu mzima na kusema mtoeni, si ni kumwambia kwamba hawawezi kumlea binti yao? Nikajibu kama nilivyofunzwa. "Baba, mtakavyoona nyinyi."

"La, utakavyoona wewe."

"Nyinyi ndio wazazi."

"Wewe ndiye mume."

Mama mkwe akatoka, kanga mdomoni. "Mmeamua nini?"

"Mkweo ndiye wa kuamua," akasema mumewe.

"Haya, mwanangu, wasemaje?"

"Mkiridhia nyinyi, mama, mimi nimeridhia."

"Sisi tumeridhia kitambo. Twangoja uridhie."

"Nami naridhia mkiridhia."

Nilijisikia nikisema, na sikuelewa kwa nini nilikuwa nasema. Kila mtu mle ndani alitaka mzazi apelekwe hospitali, na hakuna aliyeinua mguu. Shangazi akapaza sauti kutoka chumbani: "Na mamake huyu mume aambiwe pia, asije akasikia mitaani!" Basi nikatoa simu, kweli nikaitoa, nikampigia mama yangu Mikindani. Nikamweleza. Akavuta pumzi ndefu.

"Yuko kwao, mwanangu. Mimi nitaanzaje kusema ndani ya nyumba ya watu? Muulize baba mkwe wako."

Nilikuwa bado nimeshika simu sikioni pazia lilipofunguka. Mke wangu alisimama akishikilia mwimo wa mlango. Sikumtambua. Uso ulikuwa umefura, macho yamebaki mistari miwili. Ule unono wote waliokuwa wakiusifu, kumbe nilikuwa nausikia tu, sijauona.

"Mimi nakwenda," akasema.

"Nani kakuruhusu?" shangazi akauliza nyuma yake.

"Sijui. Nyinyi endeleeni kuombana radhi. Mtanizika mkiwa hapo hapo."

Akapiga hatua moja, akayumba. Hapo adabu zote zikatutoka pamoja. Baba mkwe alimdaka bega moja, mimi la pili. Mama mkwe akatoka barabarani na kuita kwa sauti iliyosimamisha tuktuk zote, hata zilizokuwa zimeharibika.

Hospitalini nesi alimfunga kile kitambaa cha presha mkononi, akatazama mashine, akafunga tena. Aliita wenzake, wakamsukuma ndani, sindano zikaanza. Baadaye alitoka.

"Presha imepanda vibaya. Mngekawia angeshikwa na kifafa, na wengine hawaamki."

"Lakini ameshazaa," nikasema. "Mimba si imekwisha?"

"Mimba imekwisha. Hii hupanda hata baada ya kuzaa. Nani alikuwa naye nyumbani?"

Tukanyoosha vidole, kila mmoja kwa mwenziwe.

Alipona, alhamdulillahi. Alilala wodini mpaka presha ikashuka, akamaliza arubaini kwao akipimwa kila mara. Lakini mimi mpaka leo sijaelewa. Hatukuwa na mtu mbaya mle ndani. Tulimpenda sote, na kwa heshima tulizokuwa tukipeana tulikuwa karibu kumuua.

Juzi nimempeleka tena Likoni. Ana mimba ya pili, na safari hii ametaka mwenyewe kukaa na mamake. Nilianza maneno kabla ya kuketi.

"Baba, nimekuja kutoa ruhusa mapema. Akisema kichwa, akisema macho, akisema chochote, mtoeni. Msiningoje."

Baba mkwe akanitazama, ameudhika kidogo. "Kwani mara ile sisi tulimzuia?"

"La, baba, hamkumzuia."

"Wewe ulimzuia?"

"Sikumzuia."

"Basi ruhusa hii ni ya nini?"

Nyuma ya pazia mke wangu alicheka mpaka mtoto wetu akaanza kucheka naye bila kujua sababu. "Waacheni," akamwambia mamake. "Mara ile sikuiomba, nitaiomba sasa?"

Baba mkwe akatazama zulia. Nami nikalitazama.