Goti la Orest Demchuk

Katika ligi ndogo za hoki ya barafuni kaskazini mwa Ontario, watu walizijua ngumi za Orest Demchuk kabla ya kulijua jina lake. Alikuwa beki wa timu ya mji wa migodi, na meno yake ya mbele aliyaacha kwenye barafu ya ugenini. Ligi kuu ilimwita mara moja tu; akakalia benchi mchezo mzima, kesho yake akarudishwa kwa basi. Hakulalamika. Hoki ndiyo kazi aliyoijua.

Msimu mmoja goti la kushoto likaanza kumsaliti. Akalificha. Alijifunga bandeji chooni, akitoka anapiga soga kuliko wote. Ndipo kocha Gauthier akamwambia mbele ya watu, "Orest, leo lipumzishe hilo goti."

Nani kamwambia? Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, na macho yakamwangukia Lachance, beki mpya aliyekuwa akilala naye chumba kimoja safarini. Nani mwingine angeitaka nafasi yake?

Kwenye basi Lachance alimletea kahawa. Orest akaiweka chini.

"Mbona hunywi, mzee? Unadhani nimetia sumu?"

"Sijui. Umetia?"

Basi zima likaangua kicheko. Lachance hakucheka.

Tangu hapo kila mnong'ono Orest aliuona unamsema yeye. Mazoezini akambamiza Lachance ukutani mpaka akatema damu.

"We vipi? Nimekukosea nini?"

"Kawaulize waliokutuma!"

Gauthier akamvuta Orest pembeni. "Mwache mwenzako. Aliyenipigia simu ni mkeo. Anasema nyumbani unapanda ngazi kwa makalio."

Nyumbani Orest alimkuta mkewe, Noreen, jikoni akikaanga vitunguu.

"Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi. Ulitaka ninyamaze mpaka wakukate mguu?"

"Na wewe na Gauthier mnapigiana simu tangu lini?"

Noreen aligeuka, mwiko mkononi. "Sasa ni zamu yangu kushukiwa?" Orest akainamisha kichwa.

Goti lilipasuliwa theluji ilipoanza kuyeyuka, na hakucheza tena. Lakini kabla ya kuiaga timu alimwomba Lachance radhi mbele ya wenzao wote, jambo lililomwia gumu kuliko mapigano yote aliyopigana. Lachance akampa mkono, kisha akauondoa upesi.