Kashati ka Kababa

Miaka ishirini na moja Mama Mektilda alikaa na cherehani yake kwenye baraza ya duka langu la vifungo na nyuzi, pale Mchafukoge. Mtu wa Rombo, fundi wa nguo za watoto tu, na mdomoni mwake kila kitu kilikuwa kadogo: kasketi, kakofia, kachai ka saa nne. Hata mgambo aliyekuja kutusumbua alimwita kaaskari, na kitambi chake chote kile.

Mwanawe wa pekee, Anselmi, alimwita kababa. Kila akipita kwenda dukani kwake Kariakoo, mama aliinuka. "Kababa kangu, umekula?"

Siku moja Anselmi alipita na wateja wa jumla kutoka Songea. Mama akaita kama kawaida, wale wakacheka. Anselmi akamwambia mbele yangu, "Mama, mimi ni mtu mzima. Usiniite hivyo tena."

Mimi Severa nilitamani kumzaba kibao. Mama alisema tu, "Sawa, Anselmi," akaendelea kushona. Tangu siku hiyo sketi ikawa sketi, chai ikawa chai. Iliniuma sana, na sikumwambia yule mwanamume kitu. Kwa hilo najilaumu.

Mwaka juzi kumbukumbu zikaanza kumtoka. Alisahau majina ya wateja, kisha njia ya nyumbani kwake Gerezani, kisha sura za watu. Kushona hakusahau.

Wiki iliyopita nilimkuta anamalizia shati jeupe la mtoto wa miaka mitatu, ambalo hakuna aliyeliagiza. Nikamuuliza la nani.

"Kashati ka kababa kangu," akasema.

Miaka kumi sikuwa nimelisikia neno hilo. Nikampigia Anselmi simu aje sasa hivi, na sauti sikuipunguza.

Alikuja mbio, akapiga magoti kando ya cherehani. "Mama, ni mimi. Kababa kako."

Mama akamtazama kwa huruma. Akalichukua lile shati, akampima nalo kifuani kama alivyowapima watoto wa watu. Halikufika hata tumboni.

"Hapana, baba," akasema taratibu. "Wewe ni mtu mzima. Kababa kangu bado kadogo." Akalikunja, akaliweka mapajani. "Ukikaona huko sokoni, kaambie mama yake anakasubiri."